Dizeli ya zamani inagoma asubuhi: pima kabla hujanunua hita plagi

Ikifika Juni na Julai, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kuanzia Makambako kwenda Njombe, Makete na Mbeya, ugonjwa ni ule ule. Hilux yenye injini ya 2L au 3L, au Land Cruiser ya 1HZ, imezimwa jioni ikiwa nzima kabisa. Alfajiri unapiga stata, unapiga tena, betri inaanza kuchoka na injini haijakohoa hata mara moja. Jirani anapita, anasikiliza kidogo, anatoa hukumu: hita plagi hizo. Huenda amepatia. Lakini dizeli kugoma asubuhi kuna vyanzo vingi, na hita plagi, vile vijiti vya umeme vya kupasha injini baridi, ni kimoja tu, tena ndicho rahisi kuliko vyote kupima. Hakuna sababu ya kubahatisha.

Injini ya dizeli haina cheche. Mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na injini hizi hubana hewa kwa uwiano wa kama 22 kwa 1. Tatizo ni kwamba injini za Toyota za 2L, 3L, 5L, 1KZ na 1HZ hazimwagi mafuta moja kwa moja juu ya pistoni. Zina kichumba kidogo ndani ya silinda hedi, na nozeli inamwaga humo. Kuta za kichumba zikiwa baridi zinanyonya joto la ile hewa kabla mafuta hayajashika moto. Ndiyo maana ncha ya hita plagi imechungulia humo humo: ndani yake kuna koili inayopata moto kama ya jiko la umeme, na kazi yake ni kuwasha injini na kuituliza dakika moja hivi ya mwanzo. Baada ya hapo haina kazi. Injini ikishachemka unaweza kuchomoa waya wa hita plagi zote na gari likaenda mpaka Iringa.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye gari ni moja: likiwa la moto linawakaje? Kama linawaka kwa mguso mmoja mchana na kusumbua alfajiri tu, endelea kusoma. Kama linasumbua zaidi likiwa la moto, achana na hita plagi. Hapo mara nyingi ni pampu ya dizeli iliyolika ndani: mafuta yakiwa mepesi kwa joto yanavuja humo humo na hayafikii nozeli kwa nguvu ya kutosha. Weka kitambaa kilicholoweshwa maji juu ya pampu, ipoe kidogo, kisha jaribu tena. Likiwaka, mpelekee fundi pampu.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni gari lililotoka Dar es Salaam. Kule hata alfajiri ya Julai joto halishuki sana chini ya nyuzi 20, na injini yenye kompresheni nzuri (silinda zinazobana hewa sawasawa) inaweza kuwaka miaka na miaka huku plagi mbili au tatu zimekufa. Dereva hajui. Siku likipanda Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, likalala nje usiku mmoja, siri inatoka. Hewa ya huko ni baridi na pia ni nyepesi, kwa hiyo silinda inabana hewa kidogo na joto linalopatikana ni dogo. Mwenye gari atakuapia kwamba limeharibikia njiani. Halikuharibikia njiani.

Moshi kwanza, boneti baadaye

Kabla hujafungua boneti, mweke mtu nyuma ya gari aangalie bomba la moshi wakati unapiga stata. Hatua hii haigharimu chochote na inagawanya matatizo vizuri kuliko kifaa chochote.

Ukiona moshi mweupe au wa kijivu hafifu unatoka wakati stata inazunguka, na ukiusogelea unanuka dizeli mbichi na kuchoma macho, maana yake mafuta yanafika ndani lakini hayawaki. Hapo hita plagi ni mtuhumiwa wa kwanza, kompresheni ya pili.

Ikiwa hakuna moshi wowote, hata kidogo, mafuta hayafiki. Hita plagi hata zingekuwa mpya zote zisingesaidia. Angalia solenoidi ya kuzima injini, yaani ile vali ya umeme inayokata mafuta, iliyo kwenye pampu (mtu akiwasha na kuzima swichi unapaswa kusikia mlio mdogo wa "tik"), filta ya dizeli, na hewa kwenye mipira ya mafuta.

Dalili inayoonyesha hita plagi waziwazi kuliko zote ni hii: injini inawaka kwa shida, inamisi, inatikisa gari zima, inatoa moshi mweupe, halafu baada ya nusu dakika au dakika moja inatulia yenyewe na moshi unakatika. Hapo silinda moja au mbili hazikuwaka mpaka zilipopashwa na zile nyingine. Karibu kila mara ni plagi moja moja zilizokufa, si mfumo mzima. Mfumo mzima ukifa, injini ya namna hii kwenye baridi ya kweli haiwaki kabisa, au inawaka baada ya kupigiwa stata mpaka unaionea huruma.

Moshi mweupe usiokatika hata injini ikiwa ya moto, na maji ya rejeta yanapungua, ni habari ya gasketi ya silinda hedi. Moshi wa bluu ni oili. Mweusi ni mafuta mengi au filta ya hewa iliyoziba. Hizo zina siku yake.

Vinavyojifanya hita plagi

Hewa kwenye mafuta ndiyo inayoongoza kwa kuwauzia watu plagi wasizozihitaji. Gari likilala, hewa inaingia kwenye mpira uliopasuka au sili iliyokauka, mafuta yanarudi kwenye tangi, na asubuhi pampu inavuta upepo. Juu ya filta ya dizeli kuna pampu ndogo ya mkono. Asubuhi kabla hujapiga stata, ipampu mpaka iwe ngumu. Kama mwanzoni ilikuwa laini kabisa, na baada ya kupampu gari linawaka vizuri, umepata jibu: ni hewa. Ushahidi mwingine ni maegesho. Gari linaloamka vizuri likilala limeelekeza pua bondeni, na kusumbua likilala limeelekeza pua mlimani, linavuja hewa.

Stata inayozunguka kwa uvivu nayo inaua joto, kwa sababu hewa iliyobanwa polepole inapata muda wa kupoa na kuvuja pembeni mwa ringi za pistoni. Weka mita kwenye betri na pima wakati stata inazunguka: ikishuka chini ya volti 9.6 kwenye mfumo wa volti 12, tibu betri, temino na waya mnene wa ethi kwanza. Oili nzito inaongeza mzigo pia. Hilux inayotumia oili nzito ya pwani huko Makete inaanza siku ikiwa imefungwa miguu.

Halafu kuna jaribio la bure. Washa swichi, subiri taa ya hita izime, zima swichi, washa tena, subiri tena, ndipo upige stata. Kama kupasha mara mbili kunaleta tofauti kubwa, umeme unafika na plagi zina uhai kiasi. Ama baadhi zimedhoofika, ama taima, kifaa kinachopanga muda wa kupasha, inakata mapema. Kama hakuna tofauti yoyote, ama umeme haufiki kabisa, ama tatizo si hita.

Taa ya dashibodi haijui kitu

Watu wengi wanaiamini ile taa yenye umbo la koili. Taa inaendeshwa na taima, na taima inasikiliza sensa ya joto la maji. Haina habari kama plagi zinapata moto. Plagi zote zinaweza kuwa zimekufa na taa ikawaka na kuzima kwa heshima zake kila asubuhi. Kinyume chake pia kipo: balbu ya taa imeungua, plagi ni nzima, na mtu anaambiwa mfumo umekufa.

Sikiliza rilei badala yake, ile swichi nzito ya umeme inayopeleka umeme kwenye plagi. Ukiwasha swichi gari likiwa baridi, chini ya boneti kunatoka mlio wa "tak", na baada ya sekunde kadhaa, mara nyingi baada ya taa kuwa imeshazima, "tak" nyingine. Plagi zinaendelea kupashwa kwa muda hata taa ikiwa imezima. Lakini usiishie kwenye mlio. Nimeshafungua rilei zinazolia vizuri ambazo sehemu za shaba zinazogusana ndani zimeungua, nyeusi, zina vishimo kama zimeliwa na mchwa. Zinagusana lakini umeme haupiti.

Je, umeme unafika?

Mita ya kawaida inatosha. Kwenye silinda hedi utaona ukanda wa chuma unaounganisha vichwa vya plagi zote. Weka waya mweusi wa mita kwenye ncha hasi ya betri, mwekundu kwenye ukanda huo, mtu awashe swichi gari likiwa baridi.

Ukisoma karibu sawa na betri, pengo lisizidi volti moja hivi, rilei na nyaya ni nzima. Nenda kwenye plagi zenyewe. Ukisoma sifuri, rudi nyuma hatua kwa hatua: fyuzi nene au fyuzi ya waya iliyo karibu na betri, kisha rilei. Rilei ina nyaya mbili nene na mbili nyembamba. Waya mnene wa kuingia lazima uwe na umeme wa betri muda wote. Mtu akiwasha swichi, ule mwembamba wa amri unapaswa kupata umeme. Amri ipo na waya mnene wa kutoka hauna kitu: rilei imekufa. Amri haipo: tatizo liko kwa taima, sensa au nyaya za kutoka kwenye swichi. Ukisoma volti 8 au 9 huku betri imejaa, mahali fulani kuna kutu au nati iliyolegea, na mahali hapo ukipashika baada ya nusu dakika patakuwa pa moto.

Hapa Toyota wanawatega watu. Baadhi ya injini hizi zina mfumo wa kupasha haraka, wenye plagi za volti 6 hivi, rilei mbili na kipingamizi. Rilei ya kwanza inatoa umeme wote wa betri kwa sekunde chache ili plagi zipate moto upesi, kisha inaachia, na ya pili inaendelea kupitisha umeme kupitia kipingamizi kwa kiwango cha chini. Kwa hiyo mita ikianza na volti 11 kisha ikaangukia nusu yake, usikimbilie kubadilisha rilei. Ndivyo ilivyotengenezwa. Na ukiona Land Cruiser ina betri mbili, fuata nyaya kabla ya kusema lolote: nyingine ni za volti 24, nyingine ni volti 12 ambazo betri zake zimefungwa sambamba.

Plagi moja moja

Hili haliwezekani bila kuutoa ule ukanda. Ukiuacha, mita inasoma plagi zote kwa pamoja, na nzima moja inaficha wafu watatu. Fungua vinati vyake vidogo kwa uangalifu, vihesabu, visidondoke kwenye mkunjo wa injini.

Kipimo cha haraka ni testa ya balbu. Klipu kwenye ncha chanya ya betri, ncha ya testa kwenye kichwa cha plagi. Balbu ikiwaka, koili haijakatika. Isipowaka, plagi hiyo imekufa, hakuna mjadala.

Mita inasema zaidi kidogo. Iweke kwenye omu, gusanisha nyaya zake mbili kwanza uone inasoma ngapi yenyewe, maana nyaya za mita za bei rahisi zina upingamizi wake, kisha uitoe namba hiyo kwenye kila kipimo. Plagi nyingi za volti 12 zikiwa baridi husoma kati ya nusu omu na omu mbili. Za volti ndogo husoma chini zaidi. Namba yenyewe si muhimu kuliko kufanana. Tatu zikisoma 0.8 na moja ikasoma 4, umeshamjua mwizi. Mita isiposoma kitu kabisa, koili imekatika.

Mwenye mita ya kubana anaweza kupima bila kufungua kitu: inabanwa kwenye waya mkuu wa hita swichi ikiwashwa. Plagi moja ya volti 12 huanza kwa kuvuta ampia 15 hadi 20 hivi, kisha inashuka kadiri inavyopata moto. Injini ya silinda nne ivute mara nne ya hapo; ikivuta kama nusu ya jumla hiyo, mbili zimelala.

Hata hivyo balbu kuwaka hakuthibitishi kwamba ncha inapata moto. Koili inaweza kupitisha umeme na bado ikapasha shingo badala ya ncha. Kipimo cha mwisho ni kuitoa na kuiangalia ikiwaka.

Kuzitoa bila kuzivunja

Plagi iliyokaa miaka kumi ndani ya silinda hedi haitoki kwa hasira. Nyunyiza mafuta ya kufungulia kutu jioni, asubuhi washa injini ipate joto, kisha ndipo uweke soketi ndefu. Ikigoma, kaza kidogo, legeza kidogo, nyunyiza tena. Ikikatikia ndani, shimo linatobolewa kwa drili, na mara nyingi silinda hedi inashuka. Nati ya ukanda wa juu nayo isizungushwe kwa nguvu. Ukiizungusha kijiti cha katikati kinakatika ndani na umeiua plagi iliyokuwa nzima.

Kuna plagi ambayo uzi wake umefunguka wote lakini yenyewe haitoki. Ncha imevimba. Usiivute kwa koleo kwa nguvu: ncha ikivunjika inaangukia kwenye kichumba. Izungushe taratibu huku na huku na mafuta ya kutu.

Ikishatoka, ibane kwenye jiliwa au kwa koleo yenye mpini wa mpira, mbali na dizeli na matambara. Bodi ya plagi kwenye hasi, waya mnene kutoka chanya ya betri uguse kichwa. Vaa glavu. Plagi nzima inaanza kuwa nyekundu nchani kabisa ndani ya sekunde chache mpaka kumi, kisha wekundu unapanda juu. Inayoanza kuwa nyekundu katikati huku ncha ni nyeusi imeharibika, hata kama mita iliisifu. Soma volti zilizoandikwa kwenye plagi kabla ya kuigusisha: ya volti 6 ukiishikilia kwenye betri ya volti 12 kwa zaidi ya sekunde tatu au nne unaichoma mwenyewe.

Sasa angalia ncha vizuri. Masizi makavu ni kawaida. Ncha iliyoyeyuka, iliyoliwa au kupasuka haikufa kwa uzee. Ikiwa ni ya silinda moja tu, nozeli ya silinda hiyo inatiririsha mafuta badala ya kuyapulizia. Ukifunga plagi mpya bila kupeleka nozeli ikapimwe, utarudi pale pale. Zikiwa zote zimeungua, tafuta umeme: plagi za volti ndogo zimefungwa kwenye mfumo usio wake, au rilei imeganda na haiachii. Hilo la rilei linapimika kwa dakika moja: swichi ikiwa imezimwa na ufunguo mfukoni, kwenye ukanda mita lazima isome sifuri. Ikisoma volti 12, ndiyo sababu betri inalala kila usiku.

Swichi ya kubonyeza

Magari mengi ya zamani barabarani kwetu hayana taima tena. Iliharibika, fundi akaweka kitufe chini ya dashibodi. Sina ugomvi na kitufe, ila kimefungwaje? Umeme wa plagi nne au sita haupaswi kupita kwenye kitufe chenyewe. Kitufe kiamrishe rilei nzito, rilei ipitishe umeme kupitia waya mnene wenye fyuzi. Nimeona swichi ya taa ya nyumba imefungwa hapo, plastiki yake imeyeyuka. Na atakayebonyeza ajue muda wake: sekunde 10 hadi 20 kwa plagi za kawaida kwenye baridi, na zisizidi tatu au nne kwa zile za kupasha haraka.

Kitambaa chenye petroli mdomoni mwa filta ya hewa, au ile dawa ya kupuliza ya kuwashia, visitumike kamwe gari likiwa na hita plagi zinazofanya kazi. Mvuke unakutana na ncha nyekundu kabla pistoni haijafika juu. Ringi zinavunjika, na wakati mwingine pistoni yenyewe.

Dukani

Chukua plagi ya zamani mkononi. Linganisha volti zilizoandikwa, urefu wa ncha, na uzi. Iliyo ndefu zaidi kwa milimita chache inaweza kugusa ukuta wa kichumba. Uwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi, muuzaji mwaminifu ana betri pale dukani. Mwombe uzigusishe moja moja uone zinawaka nyekundu nchani kwa mwendo mmoja. Akikataa, nenda duka la pili. Kama mbili zimekufa na nyingine zina umri sawa, nunua seti nzima ya aina moja, kwa sababu zilizobaki zitafuata na kuchanganya aina mbili kunafanya silinda zisipashwe sawa. Kabla ya kuzifunga safisha tundu masizi, anza kwa vidole mpaka ziishie, kisha kaza kwa spana fupi bila kuning'inia.

Kabla ya kuzifunga pia, ikiwa moshi mweupe ulikuwa mwingi na plagi za zamani zilipopimwa zilionekana nzima, tumia nafasi hiyo. Geji ya kompresheni ya dizeli inafungwa kwenye tundu hilo hilo la hita plagi, kwa hiyo kazi ngumu umeshaifanya. Isiwe geji ya petroli, maana kipimo chake hakifiki juu kiasi hicho. Katisha umeme wa solenoidi ya pampu ili mafuta yasimwagike, piga stata, andika namba ya kila silinda. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, weka oili kidogo ndani na upime tena: namba ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi, na hakuna hita plagi itakayoitibu.